Hedhi Ikikoma, Macho Nayo Yapimwe

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya kina mama waliokusanyika ukumbini Majengo, Mombasa. Waliokosa kufika waliomba yawekwe yote, nami nimeyaweka kama yalivyotoka. Nilichoacha ni zile picha za ukutani tu.

Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo mama zangu, hamjambo dada zangu. Na nyinyi mabinti mliokuja kuwasindikiza mama zenu mkadhani ya leo hayawahusu, karibuni mbele, msikae huko mlangoni.

Nianze kwa kuwauliza. Ulipovunja ungo, nani alikukalisha chini? Wengi wetu tulikuwa na somo. Asiyekuwa na somo alikuwa na shangazi, au nyanya, au dada mkubwa aliyemvuta chumbani akafunga mlango. Ukaambiwa mwili umebadilika, ukaambiwa hili sawa na hili si sawa, ukafundwa mpaka namna ya kukaa mkekani. Haya. Na hedhi ilipokoma, nani alikukalisha chini?

Kimya. Nilijua.

Basi leo mkekani nakaa mimi. Na sitagusa lile joto linalopanda kifuani saa nane za usiku, feni inazunguka, dirisha li wazi, na mzee pembeni yako amejifunika blanketi. Hilo mnalijua, na mnavyocheka naona mnalijua kuliko mimi. Nimekuja na jambo ambalo silisikii likisemwa kwenye vyama vyetu wala kwenye foleni za kliniki. Nimekuja na macho.

Mimi ni afisa kliniki wa macho, na wagonjwa wangu wengi ni wanawake wa rika la waliokaa humu. Ninalotaka mlishike ni hili. Katika umri huu macho yetu hupatwa na mambo mawili kwa wakati mmoja. Moja lina kelele: linawasha, linachoma, linatoa machozi mpaka watu wakuulize umefiwa na nani. Hilo ni ukavu wa macho, nalo ni nadra kumpofusha mtu. La pili halina kelele hata kidogo. Haliumi, haliwashi, halina wekundu. Hilo ni presha ya macho iliyopanda, na glakoma inayoifuata, yaani kuliwa kwa mshipa wa fahamu wa jicho, na hilo linapofusha. Sasa sisi tunakimbilia lipi? Tunakimbilia lenye kelele. Na wakati mwingine, kwa kulinyamazisha lenye kelele, tunalilisha lile la kimya. Nitawaonyesha namna gani.

Kwanza mtu ataniuliza: wewe, hedhi na jicho wapi na wapi? Hedhi iko huku, jicho liko kule.

Sikilizeni. Tunasema hedhi imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita hujaiona, na si kwa mimba, si kwa kunyonyesha, si kwa sindano ya kupanga uzazi. Kwa wengi huja kati ya miaka 45 na 55. Ikija kabla ya 40, hiyo ni mapema mno, umwone daktari hata kama hujisikii vibaya. Kinachotokea ni kwamba ovari zinapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni mpaka inabaki kidogo sana. Nayo estrojeni haikuwa ikifanya kazi kwenye kizazi peke yake. Watafiti wamekuta vipokezi vyake, yaani pale inaposhika ili ifanye kazi, ndani ya jicho: kwenye konea, ile ngozi angavu ya mbele; kwenye lenzi; kwenye retina kule nyuma; kwenye tezi za machozi; mpaka pale yanapotengenezwa maji ya ndani ya jicho.

Mnataka ushahidi wa karibu? Mimba. Mwanamke akiwa mjamzito, homoni zimepanda, presha ya macho yake kwa kawaida hushuka, hasa miezi ya mwisho. Hedhi ikikoma mambo hugeuka. Wanawake wa umri mmoja wakilinganishwa, waliokoma kwa wasiokoma, waliokoma kwa wastani huonekana na presha iliyo juu kidogo, kama milimita 1 au 2 za zebaki, ndicho kipimo chake.

Na hapa tuelewane, kwa sababu najua kuna atakayeniambia, "Mimi presha napimwa kila mwezi, na dawa nameza." Mama, ile ya mkononi ni ya damu. Hii ni nyingine. Waweza kuwa na 120 kwa 80 mkononi, na jichoni una 30. Presha ya jicho ya kawaida huwa kati ya 10 na 21, na haijulikani ila kwa kupimwa jichoni.

Inatoka wapi? Ndani ya jicho kuna maji. Si machozi, machozi yako nje. Maji haya hutengenezwa nyuma ya ile duara ya rangi, hupita kwenye mboni, halafu hutokea kwenye kichujio kidogo kilichozunguka pembeni, pale rangi ya jicho inapokutana na weupe, yakarudi kwenye damu. Chukulieni karo la jikoni ambalo bomba lake halifungwi mchana wala usiku. Bomba halijaongeza kasi. Ni tundu la chini linaloziba kwa ukoko wa wali, kidogo leo, kidogo kesho, na maji yanapanda. Tofauti ni kwamba jicho haliwezi kumwagika, limefunikwa pande zote. Kwa hiyo kinachobanwa ni mshipa wa fahamu ulio nyuma, wenye nyuzi kama milioni 1 zinazopeleka picha kwenye ubongo. Nyuzi hizo zikifa hazifufuki. Hakuna dawa, hakuna upasuaji, hakuna kombe la kuandikwa litakalozirudisha. Estrojeni nayo hulegeza mishipa ya damu, na inaaminika husaidia kichujio kupitisha maji na huzipa nyuzi zile ulinzi fulani. Ikipungua, msaada huo unapungua.

Je, ina maana kila aliyekoma hedhi atapofuka? Hapana, hapana, na nasema tena hapana. Milimita 1 au 2 kwa jicho zima si kitu. Wanawake wengi watakoma hedhi na wasipate glakoma maisha yao yote. Lakini si kila jicho ni zima. Utafiti mkubwa uliofanywa Sweden kwa watu ambao tayari wana glakoma ulionyesha kwamba kila milimita 1 inayoshushwa hupunguza uwezekano wa ugonjwa kusonga mbele kwa kama asilimia 10. Kwa mwenye jicho dhaifu, basi, milimita moja ina uzito. Na nani ana jicho dhaifu? Mwenye mama, baba au ndugu wa tumbo moja mwenye glakoma. Na sisi watu wa asili ya Afrika, ambao aina ya glakoma inayokuja polepole hutupata zaidi na hutuanza mapema. Na aliyekoma hedhi mapema. Kule Rotterdam, Uholanzi, waliokoma kabla ya miaka 45 walionekana na glakoma zaidi ya mara mbili ukiwalinganisha na waliokoma baada ya 50. Marekani, wanawake waliotolewa ovari zote mbili kabla ya miaka 43 walikuwa na hatari iliyozidi ya wenzao kwa kama asilimia 60.

Nina mama mmoja wa aina hiyo. Wagonjwa wangu nitakaowataja leo nimewabadilisha mambo mawili matatu wasitambulike, kwa hivyo msianze kutazamana. Huyu alitolewa kizazi na ovari akiwa na miaka 41 kwa ajili ya uvimbe. Hospitalini alielezwa habari za joto, akaelezwa habari za mifupa. Macho hayakutajwa. Amekaa hivyo miaka kumi na zaidi. Unajua kilichomleta kwangu? Miwani ya kusomea ilivunjika. Alikuwa akiinunua kwa mchuuzi karibu na Markiti, anajaribu moja, anajaribu ya pili, anayoonea msahafu vizuri ndiyo anaondoka nayo. Siku ile mchuuzi hakuwepo, akaona afadhali aingie kliniki.

Nikampima presha: 19. Nzuri. Wengine wangemwandikia miwani aende zake. Nikamtia dawa ya kupanua mboni nikatazama nyuma, na mshipa wa fahamu ulikuwa umeshaliwa, umechimbika katikati, jicho la kulia zaidi. Nikamuuliza, kwenu kuna aliyepofuka? Akasema, "Mama yangu, lakini ule ulikuwa uzee."

Ulikuwa uzee! Nyanya zetu wangapi wamezikwa na maneno hayo? Mama yake alianza kupapasa kuta akiwa na miaka 55. Huo ni uzee gani?

Angalieni, basi, presha yake ilikuwa ya kawaida na bado glakoma ilikuwepo. Kwa hivyo mtu akikwambia nimekupima presha iko sawa, muulize: na mshipa wa nyuma umeutazama? Muulize hivyo hivyo, kwa adabu. Na hao wauza miwani sina ugomvi nao. Baada ya miaka 40 karibu kila mtu lenzi yake hukakamaa akahitaji ya kusomea, na miwani ya barabarani inasomesha vizuri tu. Lakini ukinunua huko miaka yote, hakuna anayetazama nyuma ya jicho lako. Safari ya kutafuta miwani ndiyo ingekuwa safari ya kupimwa, na tunaipoteza kwa kuokoa shilingi mia mbili tatu.

Sasa nije kwenye lile lenye kelele, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo ninapowapoteza wengi.

Machozi si maji matupu. Juu yake kuna utando mwembamba wa mafuta unaozuia yasikauke, na mafuta hayo hutoka kwenye vitundu vidogo vilivyopangana ukingoni mwa kope. Tezi hizo hutegemea homoni, zikiwemo androjeni, ambazo nazo hupungua kwa umri. Mafuta yakipungua au yakiganda, machozi yanakauka kabla hujapepesa. Jicho linachoma kama lina mchanga. Na kwa kuchomwa, linamwaga machozi mengi mepesi yasiyokaa. Ndiyo maana unaambiwa una ukavu, na wewe unalia. Ongezea feni ya usiku kucha. Ongezea moshi wa jikoni. Ongezea upepo wa kaskazi. Ongezea simu, kwa kuwa ukikodolea simu hupepesi. Na ongezea wanja. Wanja sikuja kuukataza, mimi mwenyewe nimeutia. Lakini ukiupitisha ndani ya ukingo wa kope unaziba vitundu vile vile, na baadhi ya wanja wa unga una risasi ndani yake, ile madini ya sumu. Upake nje ya kope, na usimtie mtoto.

Haya, mama mmoja wa Kisauni, muuza mahamri na viazi karai, miaka 53. Hedhi imekoma zamani. Akiamka kope zimeshikana. Akikaa mbele ya karai, machozi yanammiminika, anapangusa kwa ncha ya leso, ncha ile ile anayoshikia sufuria. Akaenda duka la dawa akaeleza. Akapewa kichupa. Siku ya pili macho meupe pe! Hayachomi. Dawa hiyo! Ikaisha, akanunua nyingine. Ikaisha, nyingine. Ikawa kichupa hakikosekani mkobani, pamoja na simu na funguo. Akawapa na mashoga zake wawili.

Miezi ikapita, zaidi ya mwaka. Alipokuja kwangu hakuja kwa kuchomwa. Alikuja kwa sababu alikuwa akigonga bega la kushoto kila akipita mlangoni, na mteja akinyoosha pesa kutoka upande huo, hauoni mkono. Wateja walianza kusema anaringa. Nikampima: kulia 31, kushoto 38. Nikamwambia, fungua mkoba, nionyeshe. Nikasoma lebo. Deksamethasoni.

Mnajua hiyo ni nini? Ni steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu. Ni dawa halali, ni dawa nzuri, mimi mwenyewe huiandika. Baada ya upasuaji tunaitumia, kwa muda tuliouhesabu na kwa kupima. Lakini kwa watu wengi steroidi hukaza kile kichujio, maji yanashindwa kutoka, presha inapanda kimya kimya huku jicho likiwa jeupe na zuri. Ukiwa na glakoma kwenu ndiyo hupanda zaidi. Yule mama aliununua upofu kwa pesa yake, kichupa baada ya kichupa, na kila alipokitia alifarijika. Tulimwachisha, tukampa dawa za kushusha, presha ikashuka. Kilichopotea upande wa kushoto hakikurudi. Na wale mashoga zake wawili tuliwaita, mmoja alikuja.

Kwa hivyo nawaomba. Ukiona kwenye kichupa deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, na hakuna daktari wa macho aliyekuandikia, kirudishe. Duka la dawa likikwambia "hii ndiyo wanayonunua wengi", kirudishe. Jirani akikupa aliyobakiza, mshukuru na usitie.

Na wale wa mkorogo, naona nyuso zimeinama, inueni tu, simtaji mtu. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi kali kama klobetasoli. Ukijipaka usoni kila siku, karibu na kope, miezi na miaka, inaingia. Nimewaona wenye presha ya macho iliyopanda kwa krimu, hawajawahi kutia dawa jichoni hata siku moja. Ukija kupimwa niambie unapaka nini. Sitakucheka na sitamwambia mtu.

Je, ukavu tuutibu vipi? Kitambaa safi cha maji ya vuguvugu juu ya kope zilizofumbwa, dakika tano mpaka kumi, kisha usugue ukingo wa kope taratibu kwa kidole safi ili mafuta yatoke. Kila siku, si siku ya kukumbuka. Machozi ya dukani yale yasiyo na dawa ndani yake, na ukiyatia mara nyingi kwa siku tafuta yasiyo na kihifadhi. Feni isikuelekee usoni. Vidonge vya mafua na mzio navyo hukausha, mtajie daktari. Na kama mdomo nao umekauka kiasi kwamba huwezi kumeza mkate bila maji, na viungo vinauma, usikae nyumbani: kuna ugonjwa uitwao Sjögren ambao kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi na mate, na wagonjwa wake wengi sana ni wanawake wa umri wetu.

Aliyenyoosha mkono pale nyuma ameuliza juu ya homoni za kurudishia. Swali zuri. Tafiti kubwa za Marekani zimeonyesha jambo la kuchekesha. Wanawake waliopewa estrojeni, presha ya macho ilishuka kidogo sana, kama nusu milimita. Lakini kwa wanawake zaidi ya 25,000 waliofuatwa, waliotumia estrojeni peke yake walilalamikia ukavu wa macho zaidi, uwezekano wao ukizidi wa wengine kwa asilimia 69. Homoni ile ile, huku inafaa kidogo, huku inaharibu. Kwa hivyo hatuiandiki kwa ajili ya macho. Kama umeandikiwa kwa joto au kwa mifupa, endelea na daktari wako, na umwambie wa macho.

Mpaka hapa nimesema glakoma haina kelele. Kuna moja yenye kelele, tena kelele kubwa, na watu hawaisikii kwa kuwa inapiga kelele mahali pengine.

Msiba ulikuwa Mji wa Kale. Mama wa miaka 60, kafiwa na kaka. Usiku wa pili kichwa kikamshika upande mmoja, nyusi inataka kupasuka. Akatapika. Akasema, "Mbona ile taa ya barazani ina duara la rangi?" Nani alimsikiliza? Mtu ana msiba, hajala, hajalala. Wakasema presha, wakasema huzuni. Zahanati moja usiku huo wakamchoma sindano ya kuzuia kutapika na dawa za malaria mkononi. Mpaka mjukuu wake, mtoto wa darasa la saba, akasema: nyanya jicho lako moja jekundu, na lile jeusi la katikati ni kubwa kuliko la pili. Siku ilikuwa ya tatu.

Hiyo ni glakoma ya pembe iliyofunga. Kile kichujio hakikuziba kidogo kidogo, kimefungwa mlango ghafla, presha inapanda mara mbili tatu ya kawaida kwa saa chache. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, wenye macho madogo, wanaohitaji miwani ya kuona karibu mapema, na zaidi watu wenye asili ya Asia, ambao hapa mjini ni majirani zetu na wengine ni damu yetu. Jicho jekundu linalouma, ukungu, duara za rangi kwenye taa, kutapika: ukiona hayo pamoja, ni hospitali yenye daktari wa macho saa ile ile. Usingoje kuche. Jicho la nyanya yule halikupona vizuri. La pili tulilitoboa tundu dogo kwa leza, ule mwale wa mwanga mkali, kabla halijaanza, na mpaka leo linaona.

Sasa, kupimwa kwenyewe kukoje? Kuna wanaoogopa, wakaambiwa wanatolewa jicho likasafishwa. Uongo mtupu! Unaweka kidevu hapa, paji la uso hapa. Unatiwa tone la ganzi, na rangi kidogo ya manjano. Taa ya buluu inakuja, na ndani yake ncha ndogo inagusa jicho kwa sekunde chache. Hakuna maumivu. Taabu ni kope zako, zinataka kufumba zenyewe. Kuna mashine nyingine inapuliza hewa, pu!, unashtuka, unacheka, basi. Halafu mboni ipanuliwe mshipa utazamwe. Siku hiyo utaona ukungu saa kadhaa, njoo na mtu na usiendeshe gari. Ikibidi utafanyiwa kipimo cha kuona pembeni, unabonyeza kila ukiona nukta ya mwanga. Ukifika 40, pimwa. Hedhi ikikoma, pimwa tena hata kama ulipimwa. Mwenye ndugu mwenye glakoma asivuke mwaka.

Ukiambiwa unayo, dawa zipo. Latanoprosti mara moja kwa siku, kwa kawaida usiku. Timololi, lakini mwenye pumu aseme kabla, maana tone la jichoni linafika mapafuni. Ukitia, fumba jicho na ubonyeze kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Na ipo leza: pale hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, jirani zetu hapa, walilinganisha leza na timololi kwa wagonjwa wa glakoma. Baada ya mwaka, leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, timololi kwa 31. Matokeo yalitoka mwaka 2021. Ulizeni habari za leza, msikae mkidhani ni mambo ya Ulaya.

Na Ramadhani. Ee, Ramadhani! Kila mwaka nawapokea baada ya Idi presha imeruka kwa sababu mtu aliacha dawa mwezi mzima. Mimi si sheikh. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah mwaka 1997 lilisema matone ya macho hayafunguzi. Kama moyo wako hautulii, muulize sheikh wako, na uniulize mimi: nyingi ya dawa hizi twaweza kuzipanga baada ya futari na kabla ya daku. Usiache.

Mtoto wa jicho sitaukalia leo, huo unatibika kwa upasuaji mfupi na mtu akaona. Nitasema tu kwamba mwaka 2020 vipofu duniani walikadiriwa kuwa milioni 43, na asilimia 55 walikuwa wanawake. Ni kweli tunaishi zaidi ya wanaume. Lakini pia mzee akilalamika macho, nyumba nzima inasimama. Gari linatafutwa, anavushwa feri, anapelekwa. Mama akilalamika anaambiwa punguza simu. Na yeye mwenyewe anasema, "Nitakwenda shule zikifungua." Zikifungua, ni karo. Karo ikilipwa, ni harusi ya mpwa. Nyinyi mabinti mliosogea mbele, ndiyo kazi yenu hiyo. Kamuulizeni nyanya na mashangazi, mmoja mmoja, kwetu nani alipofuka na alianza akiwa na miaka mingapi. Mkijibiwa "uzee", ulizeni miaka mingapi.

Nimemaliza. Pale kulia kuna meza mbili, wenzangu watawapima presha bila malipo mpaka saa kumi. Wenye ndugu aliyepofuka waanze, halafu waliokoma hedhi kabla ya 45, halafu wengine. Futeni wanja kwanza, vitambaa viko mlangoni. Leo hatutapanua mboni, kwa hivyo mtavuka feri mkiona vizuri, ila atakayeandikiwa karatasi ya rangi ya waridi arudi kliniki wiki hii, na aje na kila kichupa na kila krimu aliyonayo nyumbani, hata ile iliyofichwa nyuma ya kabati.